Mgongo wa Mama Divine

Baraka, 17 Septemba 2023

Yaya Bonaventure, mkubwa wetu,

Nyumba nzima inakusalimu. Sisi wazima, isipokuwa Mama Divine anasumbuliwa na jino na hataki kusikia habari ya kung'olewa. Binti yako Divine hajambo. Diploma yake imetoka, ameiweka kwenye nailoni chini ya godoro, na kila mgeni anayeingia lazima aoneshwe. Mimi na cherehani yangu tunagombana kama kawaida. Na wewe huko Moba, hiyo boti mnayojenga ina urefu gani hata isiishe?

Siku unaondoka uliniambia: Marthe, kila siku unipigie picha moja, popote mtakapokuwa, nisije nikarudi mgeni nyumbani kwangu. Najua ulidhani nitasahau. Kwa kuwa simu yako ni ya tochi, na huko kwenye kambi yenu ya mafundi mtandao haufiki, nimezitoa kwenye studio hapa mjini na nahodha Raphaël amekubali kubeba bahasha. Tarehe iko nyuma ya kila picha.

Siku za kazi napiga kilicho karibu: ndagala wanaokauka kwenye mchanga, kuku wa jirani juu ya cherehani yangu. Lakini Jumapili tunatoka, maana mke wako siku hizi hatulii. Misa haijaisha vizuri ananivuta kitenge: "Leo tunaenda fasi gani?" Tumekwenda ufukweni, tumepanda Fizi siku ya soko, tumekwenda Swima kwa shangazi yetu. Makobola pia tulifika, kuwaombea ndugu zetu waliouawa mwaka ule. Pale makaburini sikupiga. Picha ya siku hiyo ni barabara, na mbuzi anavuka.

Ile ya Swima, kijana mrefu anayecheka pembeni ni mtu tu, alitusaidia kubeba masufuria.

Mdogo wako,
Marthe


Moba, 29 Oktoba 2023

Mdogo wangu Marthe,

Salamu nyingi. Bahasha imefika na kona moja imelowa, lakini picha ni nzima. Raphaël alikwama Kalemie akingoja upepo utulie. Mimi mzima, kazi inaendelea, mbavu za boti zimekwisha na sasa ni mbao za juu, halafu kalafati ya kuziba nyufa. Mwambie Mama Divine aling'oe hilo jino asiniletee matata.

Picha zako zimenifurahisha na kunitesa. Nazipanga kitandani kwa tarehe, kisha nazivuruga, kisha nazipanga upya. Wenzangu wakishuka ziwani mimi nabaki nazo. Mpera wa nyuma mmeukata bila kuniuliza, nimeona ile picha ya ndagala haina kivuli chake. Na ufukwe je? Pale tulipokuwa tukianika nyavu naona maji. Ni jicho langu, au ziwa limepanda? Niandikie, maana mambo kama hayo yananizuia kulala mchana.

Sasa huyu kijana wa masufuria. Yupo Swima, sawa. Yupo Fizi sokoni. Yupo pia ufukweni, na siku ile naona hamkubeba hata kikombe. Masufuria yenu ni mangapi, Marthe?

Nitakuja Noeli, boti ikiisha.

Kaka yako,
Bonaventure


Baraka, 26 Novemba 2023

Yaya,

Tunakusalimu tena. Jino limetoka. Mke wako alilia kama mtoto, halafu akalichukua nyumbani kulionesha. Ziwa limepanda kweli, jicho lako halina kosa. Watu wa chini wanahamisha vitanda. Mpera uliliwa na mchwa, usitulaumu.

Barua zako zimekuwa ndefu, yaya. Zamani ulikuwa unaandika mistari mitatu na wa tatu ni jina lako. Huko kazini wanakupa muda wa kuandika hivyo?

Wiki mbili zilizopita tulivuka ziwa kwenda Ubwari, kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu yetu. Tulipofika katikati upepo ukaamka na maji yakaanza kuingia. Bamama wote walikuwa wanasali, mimi nilikuwa napiga picha ya siku. Divine alinifokea: "Shangazi, tutakufa na we uko unapiga foto!" Nikamwambia baba yake atataka kujua tulikufa namna gani. Tulifika, tukala samaki wa mikeke na ugali mpaka tukashindwa kuinuka.

Masufuria ni mawili. Nimekujibu.

Usishangae ukiona picha za safari hii ni nyembamba. Studio imebadilisha karatasi.

Tunakungoja Noeli. Mama Divine ameshanunua rangi ya kupaka mlango.

Marthe


Moba, 7 Januari 2024

Marthe,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Mbao zilichelewa, ndiyo maana hamkuniona. Najua mlango ulipakwa rangi, na najua nani alikaa mbele yake siku ya Noeli akitazama njia. Usinieleze.

Karatasi ya studio! Mimi nimekata mbao maisha yangu yote. Kilichokatwa na mashine nakijua, na kilichokatwa kwa mkono nakijua. Huo ni mkasi wako wa vitambaa. Hata picha unaikata kama sketi, unaacha nafasi ya kushonea: kwenye ile ya Ubwari bega la kijana limebaki.

Lakini hilo si kitu. Kijana umemkata, ukasahau kumkata mke wangu. Watu wote wanaitazama simu yako, Mama Divine peke yake amegeukia ziwa, kitenge kimemfunika mpaka kwenye nyusi. Ile ya Watakatifu Wote amekaa kwenye nyasi ametoa mgongo, na nyuma ya mgongo wake hakuna mtu. Anamwonea haya nani, hewa? Nimerudi kwenye zile za mwanzo, ambazo hukuzikata. Kila alipo kijana wa masufuria, mke wangu amejificha nyuma ya kitu. Fizi alijificha nyuma ya mwanamke wa mihogo.

Kwetu mama hamtazami mkwe wake usoni, hapiti mbele yake, hali naye. Najua hivyo tangu nilipokwenda kuposa kwa baba yake Mama Divine mara ya kwanza. Mzee alinyanyuka, akanipa mgongo, akauambia ukuta: "Mumuambie ule kijana aikale." Nilikaa, lakini nilidhani nimefukuzwa. Mjomba wangu alinikanyaga mguu ili nisitoroke. Tulipotoka nje alinikumbatia, kwamba mzee amenikubali, maana asiyekutaka anakutazama tu kama mtu yeyote.

Kwa hiyo nyumbani kwangu kuna mkwe. Mnajua wote, nadhani hata kuku wa jirani wanajua, na mimi baba natafuta habari za binti yangu kwenye mgongo wa mama yake. Imeniuma, Marthe. Niambie ni nani, na Divine mwenyewe anasemaje.

Bonaventure


Baraka, 4 Februari 2024

Yaya wangu,

Nyumbani wazima, salamu nitaziandika siku nyingine. Nimesoma barua yako kwa sauti mbele ya Mama Divine na amekimbilia jikoni.

Anaitwa Aubin. Ni Mrundi, anakaa Lusenda, kwenye kambi ya wakimbizi, na mama yake Cassilde. Walikuja mwaka 2015, yeye akiwa mdogo, na leo anaongea Kiswahili cha hapa kukushinda wewe. Analima maharage kwenye shamba la kukodi na anaimba kwaya moja na Divine. Divine anasemaje? Ukimtaja Aubin anafagia mahali palipofagiwa.

Mwezi wa nane Cassilde alikuja na ndugu zake, kwa heshima, wakauliza kama watapewa Divine. Mke wako akawajibu vizuri tu kwamba baba hayupo, wangoje. Kesho yake tukakutana na Aubin bombani. Mama Divine akatupa ndoo, akajifunika kichwa, akageukia uzio wa watu. Mdomo ulikuwa bado haujajibu lakini mgongo ulikwisha jibu, na bombani walikuwepo bamama wa mtaa mzima. Kuanzia hapo hata angetaka kurudi nyuma asingeweza.

Mimi nilitaka kukuandikia siku ile ile. Alinikatalia: "Usimuandikie. Akuye mwenyewe, amuone kijana na macho yake. Ku barua atasema hapana." Ndiyo sababu hatulii, yaya. Kila Jumapili anatafuta mahali pa kwenda ili amwone kijana anavyoishi na watu, anavyokula, anavyokasirika, na hana ruhusa ya kumtazama. Anamtazama kupitia kwangu. Tukirudi ananiuliza: "Alicheka na nani? Alimupa shangazi kiti?" Nimekuwa macho ya watu wawili, na nimechoka.

Sasa sikiliza. Watu wa Cassilde wamejiandikisha kurudi Burundi. Lori lao litaondoka wiki ya pili baada ya Pasaka. Wakienda bila jibu lako, Aubin anaenda nao, na hapo Divine atamfuata bila baraka yako au atabaki hapa nimtazame akifagia. Nimemwambia Cassilde utaandika. Amecheka, akasema barua hata shangazi anaweza kuiandika, na macho yake yalikuwa kwenye mkasi wangu. Wanataka kumwona baba.

Njoo. Boti acha wengine wamalizie.

Marthe


Moba, 3 Machi 2024

Marthe,

Nimepata. Wasalimie.

Siwezi kuja sasa. Boti haijaisha na tajiri haniachii. Usiniulize mara mbili.

Kuhusu kijana, sina ubaya naye. Nimemtazama sana kuliko unavyodhani, kwenye zile picha ambazo hukuzikata. Fizi ameshika mzigo wa mwanamke ambaye hata si wa kwetu. Swima anacheka kwa mdomo wote, hafichi meno. Lakini Burundi ni ng'ambo ya ziwa. Binti yangu akienda kule, nani atanipigia picha? Wewe huwezi kuwa macho ya watu watatu. Naogopa, basi. Nimeandika.

Usiku na mchana nimelala hapa nazungusha jambo hili na sipati upande wa kulalia.

Bonaventure


Baraka, 15 Machi 2024

Yaya,

Raphaël anaondoka sasa hivi na mashine ya boti imeshawaka, kwa hiyo salamu hakuna.

Divine amepanga begi. Jana alilipangua. Leo amelipanga tena. Mama yake anapika na kusahau chumvi, kisha anatia mara mbili. Aubin alikuja kurudisha sufuria letu, akaliweka mlangoni akaondoka bila kupiga hodi, na mke wako akalichukua akalia nalo.

Nimemuuliza Aubin habari ya Burundi kama ulivyoogopa. Alisema: "Shangazi, mi nililima hapa, nilikomea hapa mupaka nikawa mutu mukubwa. Papa akisema nibakie, nitabakia. Lakini aseme yeye." Unamsikia? Anangoja neno moja la mtu anayejenga boti isiyoisha.

Umekuwa na ubaya gani, Bonaventure? Ziwa lilipopanda hapa hukuja, Noeli hukuja. Hata tajiri mwenye roho ya chuma humwachia fundi wiki moja amwone binti yake. Kama umepata mwanamke mwingine huko, niandikie tujue. Kama umekasirika na mkasi wangu, nipige mimi, usimpige mtoto.

Marthe


Moba, Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Marthe,

Hakuna mwanamke mwingine.

Picha hii ameipiga mpiga picha wa parokia leo asubuhi. Mpe Cassilde mkononi, mbele ya watu. Aubin abaki Baraka, nimesema mimi.

Vipande vyake ulivyokata, usivitupe.

B.


Baraka, 7 Aprili 2024

Yaya wangu mpendwa,

Bahasha yako imefika juzi Ijumaa jioni, na lori linaondoka kesho. Sikuvua hata tepu ya kupimia shingoni. Nilimshika Divine mkono, tukapanda moto, ile pikipiki ya abiria, mpaka Lusenda, na Mama Divine akatufuata kwenye moto nyingine akimpigia dereva kelele aongeze mwendo.

Cassilde alikuwa anafunga magodoro. Ndugu zake walikuwepo, majirani walikuwepo, Aubin alikuwa juu ya paa anavua nailoni. Nilimpa Cassilde picha mkononi, mbele ya watu, kama ulivyosema. Aliitazama sana. Mimi nilikuwa bado sijaitazama vizuri kwa haraka, nikaogopa, nikadhani umenitumia picha ya mtu mwingine. Uwanja wa parokia, matawi chini, na wewe umesimama pembeni kabisa, umetoa mgongo. Koti lako la harusi, kofia mkononi. Mbele yako hakuna mtu na hakuna kitu, ukuta tu.

Cassilde akawaonesha wenzake: "Angalia mugongo ya baba. Huyu amekubali." Yaya, vigelegele vilivyopigwa pale vimefika Ubwari. Mke wako alijifunika uso mzima akaangukia uzio. Aubin alishuka kwenye paa bila ngazi.

Ni Divine aliyenyamazisha watu. Alikuwa amechukua picha anaitazama karibu na macho. "Shangazi, papa iko na gongo ya nini?"

Ndipo nikatazama na mimi. Gongo chini ya kwapa la kulia, na mguu wa kushoto umefungwa mbao na bendeji mpaka gotini, unaning'inia, haugusi ardhi. Wapiga picha wana viti na vitambaa vya kufunikia. Ungekaa ukaitazama kamera, ukafunika magoti, tungesema yaya amekonda kidogo, basi. Lakini hakuna baba anayempokea mkwe akiwa amekaa. Ilibidi usimame ugeuke, na ulijua tutaona.

Raphaël tulimbana jana bandarini. Amekiri kwamba ulimwapisha. Boti ile iliingia majini mwezi wa kumi, na siku ya kuishusha ilikulalia mguu. Mfupa ulipona vibaya, wakauvunja tena Februari. Na mimi huku nakuandikia habari za mwanamke mwingine! Nilipolisikia hilo nilikaa juu ya kamba za watu nikalia kwa hasira. Ulikuwa unangoja nini? Upone kwanza urudi unatembea, tusikuone umeinama? Mimi nilikata kijana kwenye picha, wewe ukakata mguu kwenye barua. Tumelingana, na tukutane tupigane vizuri.

Cassilde anaondoka kesho na lori, ameacha baraka na kapu la maharage. Aubin anabaki. Jana alikuja na shati safi, akasimama mbali na mlango kwa ajili ya mama mkwe, akaniambia mimi ili yeye asikie: "Mi nitaenda kumuleta papa. Kama hawezi kutembea, nitamubeba." Nilimwuliza kama anajua una uzito gani. Alisema masufuria yetu pia yalikuwa mazito. Usibishane naye bandarini mbele ya watu, panda mgongoni unyamaze.

Mke wako amesema yeye hawezi kungoja huku kijana akihudumia mume wake, naye anakwenda. Haya, boti ni moja na ni ndogo. Leo asubuhi Mama Divine amekaa mbele kabisa, uso kwa maji, kitenge kichwani. Aubin amekaa nyuma kabisa karibu na mashine, anatazama nchi kavu. Raphaël alikuwa anapiga kelele: "Mama, sogea katikati! Boti itapinduka!" Hakuna aliyesogea. Ikabidi atie mifuko ya mihogo katikati, na juu ya mifuko ataweka bahasha hii. Vipande vyote vya Aubin vimo, nimevifunga kwa uzi.

Ndani yake kuna pia picha ya leo, nimeitoa studio mashine ya boti ikikataa kuwaka. Wote wawili wamo, kila mtu kwenye ncha yake, na ziwa lote nyuma. Hii sikuikata.

Mdogo wako,
Marthe